Kimya cha Mwanzo

Aliyecheka kwa sauti kubwa kuliko wote siku ile ni mimi, kwa hiyo kusimulia kisa hiki naona ni haki yangu, na ni adhabu yangu vilevile.

Mwenye kisa ni shemeji yangu, mjane wa kaka. Ni mkunga. Miaka ishirini na sita amefanya kazi kliniki ileile, chumba kilekile chenye dirisha linalotazama matangi ya maji, na kina mama wa mitaa yetu wamempachika jina la Mama Pembe. Sababu ni kile kifaa chake cha mbao, mfano wa tarumbeta dogo lililokatwa, anachokibandika kwenye tumbo la mjamzito, akainama, akatega sikio na kusikiliza moyo wa mtoto. Kliniki inayo pia mashine ya umeme inayoutoa moyo huo kwa spika, chumba kizima kikasikia. Shemeji haipendi. Anasema mashine inasikia kila kitu na haielewi chochote.

Baada ya mioyo ya watoto wa watu, kitu cha pili anachokipenda duniani ni muziki wa okestra. Huo ugonjwa aliambukizwa na kaka, aliyekufa akaacha santuri arobaini na moja, mashine moja ya kuzipigia, na mimi. Mashine na santuri ziko nyuma ya karakana yangu ya mihuri, kwa sababu kule kuna ukuta mnene na jirani mvumilivu. Kila Jumamosi saa nane mchana tunakutana hapo watu wanne. Kila mtu anakuja na alichokuwa anakisikiliza wiki hiyo, tunakilinganisha na namna nyingine kilivyopigwa, tunabishana, tunarudi makwetu tumenuniana.

Wengine wawili ni Mwalimu na Fundi Saa. Mwalimu alifundisha jiografia mpaka akastaafu, na hadi leo hawezi kukutajia okestra bila kukwambia kwanza huko inakotoka kuna mito mingapi. Fundi Saa ni mtu wa maneno kumi kwa siku. Anatengeneza saa za mkono, na ugonjwa wa saa anaujua kwa kuiweka sikioni. Kwenye kikao, kazi yake ni kupima mwendo. Anashika saa yake, anagonga meza kwa kidole kimoja, kisha anatamka: huyu mapigo sabini na sita kwa dakika, yule themanini na moja. Mimi ni katibu. Shemeji anasema masikio yangu Mungu aliyaweka ya kutundikia miwani tu.

Tunayo sheria moja, aliyoiweka kaka, nayo haivunjwi. Hatuongei kabla ya kuandika. Muziki ukiisha, daftari linazunguka, kila mtu anaandika alichosikia bila kutazama cha mwenzake, halafu katibu anasoma yote kwa sauti. Kaka alisema watu wakianza kwa kuongea, wa tatu na wa nne huwa wamesikia kile alichosikia wa kwanza. Alikuwa na akili, kaka. Sheria yake ndiyo iliyomkamata mkewe.

Dalili zilikuwepo, lakini nani anatazama dalili? Miezi ya karibuni Shemeji alianza kuongea kwa sauti ndogo, karibu kunong'ona. "Shemeji, hapa si wodini," nilimwambia, akanitupia kitambaa cha kufutia santuri. Akawa pia anamlalamikia Mwalimu kwamba tangu awekewe meno mapya anameza maneno. Sote tukakubali, hata Mwalimu mwenyewe. Akarudi kwa daktari wa meno mara mbili, maskini, kurekebisha meno yasiyokuwa na kosa. Nani angeshuku sikio? Shemeji alikuwa akisikia. Ndege alimsikia, filimbi ya birika aliisikia, simu ikilia chumba cha pili yeye ndiye wa kwanza kuinuka. Na kwenye muziki hakukosea hata siku moja, kwa sababu zile santuri arobaini na moja alikuwa ameshazisikiliza mpaka zimekaa kichwani. Sindano ikigusa tu, kichwa chake kilipiga kilichobaki.

Jumamosi hiyo Mwalimu alikuja na kitu kipya. Binti yake anayeishi ng'ambo alikuwa amemtumia santuri ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia. Tulipewa mito mitatu na ziwa moja, kisha nikashusha sindano.

Muziki ule unaanza chini kabisa. Mabesi, zile fidla kubwa ambazo mpigaji anasimama kuzikumbatia, yanaanza peke yake, nane kwa pamoja, polepole, kama watu wanaosukuma kabati kwenye chumba cha juu. Karibu dakika nzima ni hayo tu. Niliyahisi kwenye kiti. Halafu, ghafla, fidla ndogo zinaingia juu. Shemeji alikuwa amefumba macho, mikono mapajani, ametulia tuli, nami nilifurahi kumwona hivyo.

Daftari likazunguka, likanirudia. Nikasoma ya Mwalimu, marefu. Nikasoma ya Fundi Saa: "Hamsini na nne. Halafu mia." Nikafika kwa Shemeji. Ameandika kwa mwandiko wake wa kadi za kliniki, uliosimama wima:

"Nimependa alivyotusubirisha. Kimya cha mwanzo, karibu dakika nzima, kisha fidla zinaingia kama mtu aliyefungua dirisha. Sijawahi kusikia kimya kizuri kama hiki."

Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. "Shemeji! Ulilala!" nikamwambia. "Ulilala ukaota kimya!"

"Kimya?" Mwalimu naye akaangua. "Mabesi manane yananguruma hapa, mama, karibu yanitoe meno tena!"

Shemeji alicheka pamoja nasi. Nataka ijulikane kwamba alicheka. Kisha kicheko kikamwisha usoni kidogo kidogo, akasema, "Hebu rudisha mwanzo."

Nikarudisha sindano. Mabesi yakaanza. Shemeji alikuwa anaitazama santuri ikizunguka, akaisogelea, akanitazama mimi, akamtazama Fundi Saa.

"Mmeshaweka?" akauliza.

 Mabesi yalikuwa yanatetemesha glasi ya maji mezani. Fundi Saa alinyoosha kidole kimoja, akaanza kugonga meza taratibu, hamsini na nne kwa dakika, ili ajue kwamba inapiga. Shemeji alikitazama kile kidole. Nimemjua miaka thelathini, nimemwona akimzika mumewe, sikuwahi kuuona uso ule. Aliinuka, akatoka. Miwani yake aliiacha juu ya kifuniko cha mashine.

Nilidhani tumemuudhi. Nikachukua miwani na kumfuata, daftari bado liko kwapani, nikitunga njiani maneno ya kuomba radhi. Nyumba yake iko uchochoro wa pili. Anaishi na mke wa mwanawe. Mwanawe ni dereva wa malori ya mbali, na wiki hiyo alikuwa safarini. Mkamwana huyo alikuwa na mimba ya miezi minane, ya kwanza. Mjukuu wa kwanza wa kaka. Kila jioni, Shemeji akirudi kazini, alikuwa anamlaza, anambandika pembe, anasikiliza, anasema, "Anapiga kama ngoma." Na nyumba nzima inalala usingizi wa raha.

Nilipoingia sebuleni nilisikia sauti ya mkamwana chumbani. "Mama, kuna nini? Mama, si useme?"

Mlango ulikuwa wazi. Mkamwana wetu amelala chali, shuka imemfunika mpaka nyonga, na Shemeji amepiga magoti, sikio kwenye pembe. Anasikiliza, anaihamisha. Anasikiliza, anaihamisha. Upande wa kulia, wa kushoto, chini ya kitovu. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka kwenye paji la uso, na ile pembe ilikuwa inatetemeka.

"Leo amecheza?" akamuuliza.

"Asubuhi... nadhani asubuhi. Au jana usiku. Sikumbuki, Mama, sikuwa nimeweka akilini."

Hapo ndipo nilipoelewa. Shemeji hasikii kitu kwenye pembe. Lakini huyo ni mtu ambaye dakika tano zilizopita hakusikia mabesi manane; sauti nzito zilikuwa zimemhama, zikabaki nyembamba tu. Basi kimya kile kilikuwa ni cha sikio lake, au ni cha mtoto? Yeye mwenyewe hakuwa na njia ya kujua. Alinitazama, nikaona anajua kwamba nimeelewa.

"Shemeji," akaniambia, kwa ile sauti ndogo, "ita teksi. Halafu njoo usikilize wewe."

Nikampigia dereva tunayemfahamu. Alikuwa upande wa pili wa mji. Dakika arobaini, akasema, akijitahidi sana. Nikapiga magoti. "Niwie radhi, mwanangu," nikamwambia mkamwana, naye akafumba macho. Nikaweka sikio. Nilisikia mvumo. Nilisikia maji, nilisikia kitu kinachodunda kwa nguvu, nikapaza sauti, "Nimeupata! Unapiga!"

Shemeji alishika shingo yangu kwa vidole viwili, akatulia kidogo.

"Huo ni wako," akasema. "Unasikia moyo wako mwenyewe. Una hofu." Akainuka. "Mwite Fundi Saa. Mwambie aje na saa."

Nilikimbia. Nina miaka hamsini na tisa na sikuwahi kukimbia katika uchochoro ule tangu niwe na akili timamu. Fundi Saa alichukua saa yake, akanifuata. Alivua viatu mlangoni, akanawa mikono kama anayekwenda kufungua saa ya thamani, akapiga magoti.

"Usibonyeze sana," Shemeji akamwambia. "Sikio likikaa, ondoa mkono."

Akasikiliza. Mimi nilisimama mlangoni. Mwalimu alikuwa amefika pia, amesimama sebuleni, kofia mkononi. Kisha kidole cha Fundi Saa kikaanza kugonga juu ya mkono wa Shemeji. Polepole. Polepole mno. Hata mimi nisiyejua kitu nilijua kwamba moyo wa mtoto hauendi hivyo.

Shemeji alishika mkono wa mkamwana, akabonyeza kwenye mshipa. Niliona midomo yake ikihesabu.

"Themanini na nane. Huu ni wa mama yake," akasema. "Mshipa wa mama unapita hapo. Uache. Tafuta mwingine, wa haraka, uko chini yake. Kama tunavyotafuta fidla ya nyuma wakati wa mbele wanapiga kwa nguvu. Umenielewa?"

Fundi Saa akatikisa kichwa kwamba ameelewa, kisha baada ya muda akakitikisa tena, kwamba hakuna.

Mkamwana alianza kulia bila sauti. Machozi yalikuwa yanaingia masikioni na hakuyafuta, aliogopa kujitikisa. Shemeji akaweka viganja viwili juu ya tumbo, akalipapasa taratibu, akibonyeza hapa, akiacha pale. Mikono yake haikuwa inatetemeka tena. Mikono ilikuwa kazini. "Amegeuka," akanong'ona. "Mgongo wake uko huku." Akaichukua pembe, akaisimika mahali ambapo hakuna kati yetu ambaye angepafikiria, chini, pembeni kabisa, akamvuta Fundi Saa kwa bega.

Fundi Saa akafumba macho. Kidole chake kilikuwa kimetulia juu ya mkono wa Shemeji. Nilikitazama kidole kile mpaka kikawa kitu pekee ndani ya nyumba. Kilibaki kimetulia. Nilimkumbuka kaka. Nilikumbuka nilivyocheka.

Kidole kikagonga. Kikagonga tena, kisha kikashika mwendo, mbio mbio, kama mtu anayekuna upele. Shemeji aliinyakua saa kwa mkono wa pili. Hakuna aliyepumua kwa dakika nzima, na dakika nzima ni ndefu.

"Mia na arobaini na mbili," akasema Shemeji.

"Mia na arobaini na mbili," akasema Fundi Saa, sikio bado liko pale, na uso wote umelowa. "Mzuri sana huu. Mzuri sana." Nadhani hayo yalikuwa maneno yake ya siku nzima.

Mwalimu alikaa chini pale sebuleni, sakafuni, na viti viko vitatu. Mkamwana alikuwa analia kwa sauti sasa. Mimi nilikuwa nasema "Alhamdulillahi" na "Asante Mungu" na sijui nini tena. Shemeji peke yake hakufurahi. Aliichukua pembe, akaibandika palepale alipoitoa Fundi Saa, akainama, akasikiliza kwa muda mrefu. Kisha akainua kichwa.

"Shemeji, hilo daftari unalo? Nifungulie ukurasa mweupe."

Ndipo hofu ya pili ilipoanza, na hii haikuwa ya dakika arobaini.

Ile mashine ya kliniki aliyokuwa akiidharau ilikuwa imeharibika wiki tatu nyuma. Tangu hapo alikuwa akitumia pembe tu, tena kwa majivuno. Kila mama aliyepita mezani kwake alipimwa, na kila kadi ikaandikwa namba. Mia na arobaini. Mia na thelathini na sita. Teksi ilipofika tukaingia Shemeji, mkamwana na mimi, na njia nzima kwenda hospitali alikuwa ananitajia majina naandika, gari likirusha kalamu yangu. Mmoja baada ya mwingine, na mtaa wa kila mmoja, na mimba ya miezi mingapi. Walikuwa kumi na tisa.

"Nilikuwa nasikia, Shemeji," akaniambia. "Sikuandika uongo. Wallahi nilikuwa nasikia."

"Najua."

"Hujui. Nilikuwa nasikia kama ninavyosikia santuri za kaka yako. Naujua mwendo wake, basi nausikia hata kama haupo." Akatazama nje ya dirisha la gari. "Sasa kati ya hawa, nani alikuwepo na nani hakuwepo?"

Hospitali wakamfunga mkamwana mashine. Moyo wa mjukuu ukajaa chumbani, kila mtu anausikia, na Shemeji amesimama anazisoma namba kwenye kioo. Alipotosheka alitoka kwenye korido, akampigia simu Muuguzi Mkuu wa kliniki. Mtu mwingine angesubiri Jumatatu. Angetafuta namna ya kuwaita wale kina mama tena kwa kisingizio cha chanjo, akawapima upya kwa mkono wa mwenzake, na kazi yake ikabaki. Nilimnong'oneza hivyo, na ninaona haya. Yeye alisema, kwa sauti kubwa kuliko nilivyomsikia mwaka mzima, watu kwenye mabenchi wakageuka:

"Mimi sisikii. Kadi kumi na tisa nimezijaza na siwezi kuapia hata moja." Akasikiliza, akakunja uso, akanipa simu. "Hebu nisikilizie. Anasema nini?"

Muuguzi Mkuu alikuwa anasema nimsomee majina.

Jumapili walitoka wakunga watatu na mashine waliyoazima, nyumba hadi nyumba. Shemeji alikuwa amewapa na pembe yake, kwenye mfuko wake wa kitambaa, bila kuombwa. Sisi wawili tulikaa karakanani kwangu, simu katikati ya meza, katikati ya mihuri ya watu. Kila walipompata mmoja walipiga, nami nikatia alama kwenye daftari. Wa kwanza mzima. Wa pili mzima. Kufikia adhuhuri kumi na mmoja, saa tisa kumi na wanane. Shemeji hakula, hakunywa. Wa kumi na tisa alikuwa amehamia kwa dada yake, hakuna aliyejua wapi.

Katika kusubiri huko nilifungua ule ukurasa wa Jumamosi. Nikaona aibu ya kicheko changu, nikashika pembe ya karatasi niichane.

"Usichane," akasema Shemeji. "Ndicho nilichosikia."

Basi nikauacha. Mpaka leo upo.

Saa kumi na moja kasoro simu ilianza kutetemeka mezani. Ilinguruma juu ya mbao, mihuri ikacheza. Shemeji alikuwa anatazama mlango. Hakugeuka. Nikaipokea, nikampa mgongo, maana niliogopa asiusome uso wangu kabla sijajua niuweke vipi. Muuguzi Mkuu alikuwa anahema. Walikuwa wamempata saa tisa na robo. Moyo wa mtoto ulikuwa themanini na unashuka. Wakamkimbiza hospitali, wakampasua. Alisema mengine, akasema kama ingekuwa kesho, akanyamaza.

Nilipogeuka, Shemeji alikuwa amesimama, ameshika ukingo wa meza kwa mikono miwili.  Nikakumbuka sheria ya kaka. Nikavuta daftari, nikaandika chini ya jina la kumi na tisa, nikamgeuzia.

"Wa kike. Amelia. Mama yake mzima."

Alisoma. Akasoma tena, kidole kikifuata mstari. Kisha akakaa, akainamisha kichwa, akanivuta kwa mkono wa shati mpaka mdomo wangu ukafika kwenye sikio lake.

"Haya, katibu," akasema. "Sasa soma kwa sauti."